Kwodi Iliyovuja Kutoka Kamere Hadi Dundori

Tangu nirudi Webuye, kila ninayekutana naye sokoni ananiuliza kama ni kweli nilikata nusu ya Bonde la Ufa nikiwa juu ya pikipiki ya magurudumu manne, kwenye mvua, huku mashine ikinuka kama kituo cha mafuta. Ni kweli. Nimechoka kueleza vipande vipande, maana juzi nilisikia hadithi yangu kwa kinyozi ikiwa imeongezwa simba. Hakukuwa na simba. Kulikuwa na kabureta.

Wengi wenu hamumjui Njuguna. Tulikulia kwenye landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru, milango yetu ikitazamana. Baba yake alitengeneza mabehewa, wangu alichochea moto wa injini siku za mvuke. Mimi nilipomaliza shule nilianza kuzurura na sijaacha hadi leo. Yeye alipanda kwenda Dundori, kwenye shamba la babu yake, na akakaa. Januari mwaka huu, wakati wa ghasia za uchaguzi, nilipoondoka Nakuru juu ya lori pamoja na wengine wenye majina kama langu, Njuguna ndiye aliyenipigia simu kila jioni kuuliza, "Wafula, umefika wapi sasa?" Hakuacha mpaka nilipomwambia nimeshuka Webuye.

Basi mvua za mwaka zilipoanza alinipigia tena. Boma lake liko chini ya mteremko, na lori la maziwa hupita juu, barabarani, alfajiri. Nyonga yake ilivunjika alipoanguka kutoka juu ya ghala la nyasi na haikuunga vizuri, kwa hivyo mikebe ilikuwa inabebwa na punda. Punda alikuwa amekufa. Matope yalikuwa ya magoti. Maziwa yalikuwa yanamwagiwa mbwa. "Kuna broka anakuja Ijumaa kuchukua ng'ombe wote wawili," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Ng'ombe hao aliwalea kwa chupa walipokuwa ndama. Nilimwambia asiwatoe kabla sijafika, nikakata simu kabla hajaniuliza nitafika na nini.

Nilikuwa najua kitu kimoja. Huko Kamere, kwenye shamba la maua la kando ya ziwa nililowahi kufanyia kazi, kulikuwa na kwodi ya zamani, hiyo pikipiki ya magurudumu manne, iliyokuwa ikivuta mabomba ya maji kwenye matope mabaya kuliko ya Dundori. Jinsi ilivyokuwa yangu sitawasimulia, ni habari ya sahihi na mihuri tu. Nianze pale nilipoiwasha.

Kamere

Otieno, aliyekuwa msimamizi wangu, alinikaribisha kwa samaki wa kukaanga na ugali saa ya chai ya asubuhi. Anasema mtu hawezi kusafiri na mkate tumboni. Tulikula tumesimama, mikono ikimeta mafuta, tukiitazama mashine. Rangi yake nyekundu ilikuwa imepauka ikawa kama ya nyanya iliyosahaulika juani. Chini yake kulikuwa na kidoa cha maji, na katikati ya kidoa, tone.

"Inavuja kidogo," akasema Otieno.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo ya kawaida, boss. Hiyo ni petroli, inatoka kwa kabureta, kwa hii bomba ndogo. Ukisimama, funga koki. Ukisahau kufunga, usivute sigara."

Alinifungia mtungi wa petroli nyuma kwa vipande vya tyubu, akavuta kila fundo mara mbili. Kisha akakimbia pembeni yangu hadi mwisho wa kijiji akiwa amevaa kandambili, akipiga kelele kuhusu gia. Wavuvi waliokuwa wakitandaza nyavu waliacha kazi wakamshangilia yeye, si mimi.

Kihoto, walipodhani mimi ni wa kanjo

Sikutaka lami, maana malori ya pale hayana huruma, kwa hivyo nilipita njia za ndani hadi Kihoto. Mvua ilikuwa imeacha maji kwenye vichochoro, ya kahawia, yakiwa na sahani ya plastiki inayoelea. Nilisimama mahali pakavu nikafunga koki, nikachovya kijiti kwenye tangi kuona petroli imebaki kiasi gani. Nilikuwa nimechonga kijiti hicho alama kwa kisu. Nikainama kutazama bomba. Nikachovya tena.

Nilipoinua kichwa nilikuwa nimezungukwa.

"Hatimaye," akasema mama mmoja mwenye gambuti na kitenge. "Mmekuja kupima."

"Kupima nini, mathe?"

"Anauliza kupima nini! Si maji? Wewe si wa kanjo? Kuja uone kwa Mama Brayo imefika wapi."

Nilijaribu kueleza kwamba sikutumwa na baraza la mji, lakini kijiti kilikuwa mkononi na alama zake, na mashine yangu haikufanana na ya mtu wa kawaida. Wakanivuta. Walinionyesha ukuta baada ya ukuta. Kila nyumba ilikuwa imechora mstari wa mkaa mahali maji yalipofikia, na kila mwenye nyumba alisimama kando ya mstari wake wima, kama anapigwa picha. Vitanda vilikuwa vimepandishwa juu ya mawe. Kuku walikuwa juu ya kabati. Kwa Mama Brayo chai ilikuwa inachemka kwenye jiko lililowekwa juu ya meza, na nikapewa kikombe, kwa sababu mtu wa kanjo hawezi kuondoka bila chai.

Hapo ndipo nilipowaambia ukweli, kwamba mimi ni msafiri, kijiti ni cha petroli, na kuna ng'ombe wawili Dundori wanaonisubiri.

Kisha yule mama wa gambuti akacheka mpaka akashika ukuta. "Yaani nimezungusha mwenye pikipiki kwa choo zote za Kihoto!" Na wote wakacheka. Walipomaliza kucheka, wanaume wanne wakaninyanyulia kwodi, wakaivusha kichochoro kilichojaa maji wakiimba ule wimbo wa kubeba jeneza, ili kunitisha. Sijawahi kuona watu wenye maji ndani ya nyumba wakimsaidia mtu mwingine kwa furaha namna ile. Yule mama aliniambia kwa kuniaga, "Ukikutana na wa kanjo huko mbele, mwambie tumeshajipima."

Gilgil

Kufika Gilgil petroli yote ya mtungi ilikuwa imeingia kwenye tangi, na robo yake imemwagika njiani. Mvua ilikuwa nyuma yangu, imeukalia mlima. Nilisimama kwenye hoteli ya mabati iliyokuwa inatoa moshi wa chapati. Mwenyewe aliitwa Mama Njambi, mwanamke mpana, mwenye mkono mwepesi. Alikuwa anageuza chapati kwa vidole huku akinitazama mimi, si chapati.

"Mzee, mashine yako inakojoa," akasema.

"Najua, mathe."

"Na umenyamaza tu? Ngoja."

Aliingia ndani akatoka na sabuni ya kipande, ile ya kufulia. Ninyi mnaojua magari ya huku mnajua habari hii. Tangi likitoboka barabarani, unasugua sabuni kwenye tundu, na petroli haiwezi kuiyeyusha. Baba yangu alifanya hivyo. Kila dereva ninayemheshimu amefanya hivyo. Mama Njambi alikata kipande, akakifinyanga na uzi wa gunia, akapiga magoti kwenye matope na aproni yake yote, akakisukuma ndani ya lile bomba dogo, kisha akafunga juu kwa tyubu. Tukasubiri. Tone likavimba, likafikiria, halikuanguka.

Hoteli nzima ikapiga makofi. Mzee mmoja aliyekuwa na kikombe alisema wazungu wangejua sabuni wasingepoteza muda kutengeneza spea.

Mvua ikafika. Nilikula chapati tatu na madondo, nikanywa chai ya tangawizi, nikasimuliwa ndoa ya kwanza ya Mama Njambi na nusu ya ndoa ya pili. Mvua iligonga mabati kwa nguvu hivi kwamba alisimulia kwa kupaza sauti, siri zote. Kila mara nilichungulia nje chini ya mashine. Pakavu. Nilijisikia tajiri. Na kwa sababu palikuwa pakavu, koki sikuifunga.

Kabla ya Mbaruk

Mashine iliwaka kwa shida. Ilitoa moshi mweupe mzito, na sauti yake ilikuwa imebadilika, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Nilijiambia ni unyevu. Kilomita chache kabla ya Mbaruk ikakohoa, ikanyamaza, na jitihada zangu zote za kuiwasha kwa teke zikaishia kuniumiza mguu.

Ilikuwa Alhamisi, jua limeinama. Nilimfikiria Njuguna amekaa kizingitini, akiwatazama wale ng'ombe kwa mara ya mwisho.

Lori tupu la mchanga likasimama. Dereva alikuwa mtu wa umri wangu, mwenye kofia ya sufu. Alizunguka kwodi mara moja.

"Unaitwa nani?" akauliza.

Mwaka huu swali hilo lina uzito wake, na hasa kwenye barabara ile. "Wafula," nikasema.

Alinitazama kidogo. "Mimi Kamau. Umeangalia oili, Wafula?"

Alichomoa kijiti cha oili mwenyewe, akakipangusa, akakichovya, akakiinua. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, tena nyepesi kama maji. Akanusa. Akanusa tena, kisha akaniletea puani. Petroli.

"Boss," akasema Kamau, "mimi nimeendesha gari miaka mingi. Oili ya kila mtu inapungua. Yako ndiyo ya kwanza naona inaongezeka."

Aliicheka mpaka kofia ikamdondoka. Kisha akashusha mbao mbili kutoka kwenye lori, tukaisukuma juu pamoja, na njia nzima hadi Nakuru akawa ananigusa bega na kurudia, "Inaongezeka!" Alinishusha kwenye mlango wa karakana moja nyuma ya stesheni. Alisema kama kabureta ina dini, basi kanisa lake ni pale.

Nakuru

Karakana ilikuwa ya Bwana Harbans, Kalasinga mwenye kilemba, ndevu nyeupe na sauti ya kuita treni. Alikuwa anafunga. Alipoona kwodi akafungua tena.

Hakuniuliza ninatoka wapi. Aliuliza mashine inatoka wapi. Alipiga goti, akapapasa, akavuta kile kipande cha tyubu, na sabuni ikaanguka kiganjani mwake pamoja na mkojo mrefu wa petroli.

"Nani ameweka sabuni?"

"Mama mmoja wa Gilgil."

"Mwambie huyo mama kazi yake ni safi kabisa. Imefunga. Hiyo ndiyo shida!" Akaniinulia bomba mbele ya macho. "Unajua hii ni ya nini? Hii ni ya kutapika. Kabureta ikishiba kupita kiasi, inatapika hapa, nje, chini, hakuna mtu anaumia. Nyinyi mumeona mgonjwa anatapika, mumefunga yeye mdomo. Sasa itapeleka wapi? Imepeleka ndani, kwa silinda, kwa oili. Ungeendesha mpaka Lanet ungebeba injini mgongoni kama gunia ya viazi."

Nikaona picha yote. Sisi sote, mimi na hoteli nzima, tulikuwa tumeshangilia tone lililokoma, na hakuna aliyejiuliza limekwenda wapi. Sabuni ni dawa ya tundu. Lile halikuwa tundu.

Nilimwambia habari za Ijumaa na ng'ombe. Alisikiliza huku akimwaga ile oili yote, kisha akaifungua kabureta kwenye sinia. Mikono yake ilikuwa minene kama mihogo, lakini visikrubu vilikuwa vinaruka kwenda mahali pake kama vinamjua. Alikuwa anajisifu wakati wote. Kabureta ya kwanza aliifunga akiwa na miaka kumi na mbili, baba yake alirekebisha za magari ya mbio za Safari, hakuna mtu kati ya Nairobi na Kampala, na kadhalika. Sikuwa na sababu ya kubisha.

Akatoa boya. Ni kitu kidogo cha shaba, kazi yake kama lile boya la tangi la choo. Petroli ikijaa, linaelea, linasukuma sindano, mlango unafungwa. Alilitikisa sikioni kwangu. Ndani kulisikika maji.

"Boya limelewa," akasema. "Limekunywa petroli, haliwezi kuelea, mlango haufungi. Sasa tutafute limekunywea wapi."

Akaita ghorofani kwa Kipunjabi. Mkewe akateremka na sufuria ya maji yanayochemka, nami nikamshukuru kwa chai. Wakaangaliana. Harbans akatumbukiza boya ndani ya sufuria na kulishikilia chini kwa kijiko. "Chai yako iko nyuma," akasema mkewe. Kutoka ubavuni mwa boya vikapanda viputo, kimoja kimoja, vyembamba kama uzi. Tundu lenyewe jicho halilioni.

Alitoboa tundu jingine upande wa pili, akapuliza mpaka petroli yote ikatoka, akaliacha likauke hadi hata pua haikusikia kitu. Nilitaka aharakishe. Alikataa kabisa. Badala yake tulikaa kwenye ngazi na tukala paratha na achari ya ndimu iliyonitoa machozi, mkewe akicheka kwamba mtu wa Webuye analia kwa ajili ya ndimu. Kisha akapasha moto chuma cha lehemu. Tone moja hapa, tone moja pale, na kila moja akalikwangua kwa wembe hadi likabaki kama ukucha wa mtoto.

"Lehemu ikizidi, boya linakuwa zito, tunarudi pale pale," akasema. "Watu wanajua kuongeza. Kupunguza ndiyo kazi."

Mwishowe alifunga mpira mwembamba unaopenya mwanga chini ya kabureta, akausimamisha wima ubavuni, akafungua koki. Petroli ilipanda ndani ya mpira, ikafika chini kidogo ya ukingo, ikasimama. Tuliitazama sote watatu. Ilikaa pale pale, tulivu kama macho ya mtu aliyelala vizuri. Mara hiyo moja Harbans hakujisifu.

Kile kipande cha sabuni alinirudishia, kimefungwa kwenye gazeti. "Mali ya mama. Iko bado nzuri."

Usiku huo nililala kwa binamu, na kulipopambazuka nilipita landhi. Mlango wa kina Njuguna sasa ni wa kijani, wetu una pazia la watu wengine. Harufu ya makaa ya mawe haipo tena. Nilisimama pale mpaka mwanamke mmoja akaniuliza kama natafuta nyumba ya kukodi.

Dundori

Kutoka Lanet barabara inapanda mpaka masikio yanaziba. Viazi kulia, kabichi kushoto, ukungu katikati. Mashine ilikuwa inaimba. Kila niliposimama nilitazama chini, na kila mara palikuwa pakavu, na safari hii bomba lilikuwa wazi.

Nilipofika juu ya mteremko wa Njuguna nilizima injini, maana niliwasikia kabla ya kuwaona. Pikapu ilikuwa katikati ya mteremko, imezama hadi ekseli. Juu yake, wamefungwa kwa kamba, walikuwa ng'ombe wawili weusi kwa weupe, wametulia kuliko watu. Broka alikuwa anasukuma. Njuguna alikuwa ameegemea fimbo, kofia mkononi. Mkewe, Wairimu, alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe mmoja na hakuwa anasukuma chochote.

"Umefika wapi sasa?" Njuguna akapaza sauti kutoka chini, kama kwenye simu.

"Nimefika!" nikamjibu.

Niliteremka polepole, matope yakipanda hadi kwenye pedali. Hatukukumbatiana, wala yeye si mtu wa kukumbatia. Alishika usukani wa kwodi kwa mkono mmoja na bega langu kwa mkono wa pili, akaviachia pamoja.

Broka alikuwa mtu mzuri, kusema kweli. Aliangalia mashine, akaangalia pikapu. "Mzee, hiyo inaweza kunivuta?"

"Na ng'ombe juu? Hapana," nikasema. "Washushe kwanza."

Wairimu alikuwa ameshafungua kamba kabla sijamaliza. Ng'ombe waliruka chini, wakajitikisa, na bila kuambiwa na mtu wakageuka wakashuka kwenda nyumbani. Hakuna aliyewazuia. Tulifunga kamba, broka akawasha gari lake, Njuguna akapiga ukelele, na kwodi ikauma matope ikaanza kupanda, kidogo kidogo, ikirusha udongo hadi kwenye meno yetu. Harufu ilikuwa ya matope tu. Pikapu ilitoka ikiwa tupu, na ikasimama juu barabarani.

Broka alijipangusa uso. Aliitazama kwodi, akautazama mteremko, akamtazama Njuguna aliyekuwa amevaa kofia yake tena.

"Hawa hawauzwi tena, sivyo?"

"Kuja kwanza ule mukimo," akasema Njuguna.

Alikula sahani mbili, na akiondoka alituuliza kama tunauza kwodi. Wairimu aliosha sufuria ile jioni kwa sabuni ya Mama Njambi, akasema inatoa povu lakini ina harufu ya ajabu.

Alfajiri yake tulifunga mikebe nyuma kwa tyubu za Otieno. Nilikuwa nimejiandaa kuendesha. Njuguna alinisogeza kwa fimbo, akainua ule mguu mbaya kwa mikono yake miwili akauvusha kiti, akakaa. Nikasubiri anipishe nafasi nyuma yake. Mikebe ilikuwa imejaa nafasi yote.

Akawasha na akaondoka.

Nilimfuata kwa miguu, nikiteleza, nikishika nyasi, nikimwita anisubiri. Kwa miaka yote mimi ndiye niliyekuwa naondoka na yeye ndiye aliyekuwa akibaki. Nilimwona juu kwenye ukungu, taa moja nyekundu, kisha nikasikia lori la maziwa likipunguza mwendo, na sauti yake ikiteremka kwangu, ikicheka:

"Wafula! Umefika wapi sasa?"